Kutotenda na Kutolazimisha: Mafundisho ya Tao katika Bonde la Kilombero

Mji wa Ifakara uliwajua Wachina kwa reli kabla ya kuwajua kwa vitabu. Kati ya mwaka 1970 na 1975 mafundi wa Kichina, pamoja na wafanyakazi wa Tanzania na Zambia, walijenga Reli ya Uhuru, ambayo katika bonde la Kilombero hupita chini ya milima ya Udzungwa hadi Mlimba, kisha hupanda nyanda za juu kwa madaraja na mahandaki. Lakini mafundisho ya kale ya Laozi hayakuja pamoja na mataruma. Katika miaka hiyo China yenyewe ilikuwa katika Mapinduzi ya Utamaduni, na mahekalu ya Watao yalikuwa yamefungwa. Basi kijana wa Viwanja Sitini asikiaye leo kwamba Utao hutengeneza maisha ya kila siku, huupokea kutoka vitabu vya Kizungu, ambavyo aghalabu humwambia neno moja: tulia, usishindane, acha mambo yaende. Yafaa kuuliza kama neno hilo ndilo la Laozi, na kama linamfaa mtu wa Kilombero.

Swali hili, kwanza, ni swali la tafsiri. Kitabu kiitwacho Daode jing kina sura fupi 81. Mapokeo humweka Laozi katika zama za Confucius. Wataalamu wengi huona kwamba kitabu kilikusanywa baadaye, na sehemu zake zilizoandikwa juu ya vipande vya mianzi, zilizofukuliwa Guodian mwaka 1993, hukadiriwa kuwa za karibu mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Tao maana yake ni njia, wala neno hilo halina udugu na tao la mlango lijulikanalo pwani. Mwenendo wa mtu aifuataye njia hiyo huitwa wu wei. Neno la kwanza ni la kukanusha, na la pili ni kutenda. Kwa hiyo mfasiri mwenye haraka ataandika “kutotenda”. Hapo ndipo kosa lianzapo. Katika Kiswahili asiyetenda ni mvivu, na methali imekwisha kumhukumu: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tafsiri iliyo karibu zaidi na maana ni “kutolazimisha”. Ushahidi umo katika kisa mashuhuri cha kitabu cha Zhuangzi, juu ya mpishi aliyepasua ng’ombe kwa kisu kimoja muda wa miaka 19, na kisu kikabaki kikali kama kipya. Mtu huyo hakukaa bure. Alipasua ng’ombe maelfu. Alichokiacha ni kupigana na mfupa. Alikijua kiungo, akapitisha kisu penye nafasi, na kila alipofika penye ugumu alipunguza mwendo na kutazama vizuri. Basi kutolazimisha si upungufu wa kazi. Ni kazi iliyotanguliwa na maarifa.

Kwa maana hiyo, mkulima wa Kilombero si mgeni wa mafundisho haya. Mvua huanza Novemba au Desemba, na kufikia Machi na Aprili mito ishukayo milimani huufunika uwanda, ambao mwaka 2002 uliandikwa katika Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Jina la Viwanja Sitini ni jina la hesabu ya ardhi. Mafuriko hayajui hesabu hiyo. Mkulima wa mpunga hawezi kuyaamuru maji yaje lini, lakini hujua wapi hukimbia na wapi hutuama, huchagua mbegu, huwahi kupanda ili mche upate nguvu kabla ya gharika, na wengi huhama na jamaa zao kwenda mashamba ya mbali, wakakaa dunguni kuamia ndege. Ni kazi ya kuchosha, wala hakuna hata siku moja ya kushindana na mto.

Mpunga huo ufikapo jikoni hufundisha somo lilelile. Mpishi huchagua mchele, hupima maji, huchochea moto. Kisha hufunika chungu, hupunguza moto wa chini na kutia makaa juu ya kifuniko. Mwenye kufunua na kukoroga kila mara hupata bokoboko. Hapa Utao waweza kweli kuyatengeneza maisha: humfundisha mtu kupambanua kazi iliyo yake na kazi iliyo ya kitu chenyewe. Mwalimu huandaa somo, lakini hawezi kuelewa badala ya mwanafunzi.

Hata hivyo, hoja nzito ingaliko. Laozi aliyasifu maji kwa kuwa hujishusha, na kwa ulaini wake huushinda ugumu. Bonde hili layajua maji ya namna nyingine. Katika kusini ya nchi Wajerumani walitoza kodi na kuwalazimisha watu kulima pamba, na mwaka 1905 dawa ya maji ya Kinjikitile ikaenea kutoka Ngarambe. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha zikawaua wengi. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, aliyatazama maji hayo bila kujidanganya: yaliwaunganisha watu, lakini hayakuzuia risasi. Je, watu wale waambiwe kwamba kosa lao lilikuwa kukosa ulaini?

Asemaye hivyo kwa jina la Laozi hakukisoma kitabu. Sehemu kubwa ya Daode jing huzungumza na mtawala, si na mtawaliwa. Huwalaumu wakubwa kwa kodi nzito na kwa kuingilia mno maisha ya raia, na hapo huona chanzo cha njaa na cha ukaidi. Kutolazimisha, basi, ni wajibu wa mwenye nguvu kwanza. Kumhubiria mnyonge peke yake ni kumnywesha aliyepigwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya aliyepiga.

Upungufu wa mafundisho haya nao usifichwe. Hayaelezi vya kutosha raia afanye nini mtawala asiposikia. Zhuangzi hupenda kumsifu mtu ajitengaye na mambo ya serikali; lakini mkulima mwenye watoto na shamba hana mahali pa kujitenga. Kwa jambo hilo Kinjeketile ni mwalimu mkweli zaidi, hata kama hana jibu jepesi.

Lakini hakuna mtu asiyekuwa na nguvu mahali fulani: baba mbele ya mtoto, mwalimu mbele ya darasa, mwenye shamba mbele ya kibarua. Hapo ndipo kijana wa Viwanja Sitini aanze kuyapima mafundisho ya Tao. Asijiulize kwanza avumilie mangapi; ajiulize ni nani anayemlazimisha yeye mwenyewe, na kama kazi hiyo isingefanyika vizuri zaidi bila kulazimisha.