Nani Anayeisukuma Ploti? Maksuudi na Wenzake katika Utengano

Mwalimu mwenzangu, ukisahihisha karatasi za fasihi katika shule za Eastlands, iwe Kayole, Umoja au Dandora, jibu hili hulikosi: Maksuudi ni katili, mnafiki na mpenda mali. Mtahiniwa ameorodhesha sifa, akatoa mfano mmoja mmoja, kisha akahamia swali jingine. Hajakosea, lakini pia hajaeleza lolote. Sifa hizo hazijafanya kazi yoyote katika riwaya.

Anza na neno lenyewe. Huku kwetu ploti ni ua wenye vyumba vya kupangisha, na wanafunzi wanaijua migogoro ya ploti hiyo kuliko ya kitabu. Mwenye nyumba akifunga mfereji, mpangaji mmoja hugoma kulipa, mwingine huhama usiku, wa tatu huvunja kufuli. Waulize nani aliyeanzisha yote hayo. Hawatakujibu kwamba ni "ukatili". Watamtaja aliyefunga mfereji. Sasa wafungulie Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980 na iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, uwaulize swali lilo hilo.

Maksuudi amewatawisha mkewe Tamima na bintiye Maimuna. Kijana aliyekulia chumba kimoja ambamo jirani husikia kila neno huuona utawa huo kuwa mandhari tu, mambo ya pwani. Sivyo. Ni kitendo, tena ndicho kinachozaa vitendo vingine. Kwa sababu nyumba imefungwa, kuingia kwa mkunga Tamima anapojifungua kunageuka kosa. Maksuudi anampiga mkewe na kumpa talaka. Kwa sababu Maimuna hajaujua ulimwengu, anapotoka hana kinga yoyote. Na mkunga huyo si mtu baki. Ni Bi Farashuu, mamake Mwanasururu ambaye Maksuudi alimdhulumu. Bila amri ya Maksuudi, kisasi cha bibi huyu kingepitia wapi?

Ndiyo maana siridhiki na wanaomweka Bi Farashuu katika safu ya wahusika waovu na kuishia hapo. Ni kweli anamlipizia baba kupitia kwa binti asiye na hatia, na hilo halitetewi. Lakini ana sababu. Mpinzani mwenye sababu huzaa mgogoro. Asiye nayo huzaa kelele. Kazija naye hazui uongo wowote: anaitumia tamaa ya Maksuudi mwenyewe, akamkutanisha na mwanawe Mussa pale pasipostahili. Heshima ya nyumba inavunjwa na mwenye nyumba.

Wewe mtahiniwa, kila unapotaja sifa, ifuatishe maneno "kwa sababu hiyo", kisha uendelee. Ukikwama, urudi kwenye riwaya yenyewe, si kwenye mwongozo.

Limebaki suala la Maimuna, nami nalipendekeza kwa mjadala wa darasani. Wengi humwita mhasiriwa. Hadi anapofika kwa Mama Jeni, nakubali: anasukumwa na mikono ya wengine. Lakini baadaye anaolewa na Kabi. Je, katika ndoa hiyo bado anasukumwa, au ameanza kuisukuma hadithi mwenyewe? Wape wanafunzi dakika 40, na usikubali jibu lisilotaja kitendo chake hata kimoja.