Nyumba Bila Boma: Hadhira Iliyogawanyika ya Paranormal Activity Ikisomwa Kutoka Kibuye

Utangulizi

Filamu ya Paranormal Activity ya Oren Peli ni miongoni mwa kazi chache ambazo udogo wa gharama yake umekuwa sehemu ya sifa zake. Ilipigwa mwaka 2006 katika nyumba ya Peli mwenyewe mjini San Diego, Marekani, kwa muda wa siku saba na kwa gharama inayotajwa kuwa takriban dola 15,000. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007 katika tamasha la filamu za kutisha la Screamfest, ikasambazwa na kampuni ya Paramount mwaka 2009, na hatimaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Pamoja na mafanikio hayo, haijapata kuwa na hadhira moja. Wapo waliotoka ukumbini wakiogopa kulala, na wapo waliolalamika kwamba kwa karibu saa moja na nusu walitazamishwa mlango ukisogea. Tofauti yao si ya kiwango cha kupendezwa tu. Kundi moja liliona jambo zito. Kundi la pili halikuona jambo lolote.

Aghalabu mgawanyiko huu huelezwa kwa hoja ya hulka, kwamba mwenye subira huogopa na asiye na subira huchoka. Inapotajwa hadhira ya Kiafrika, huongezwa hoja nyingine iliyo dhaifu zaidi, kwamba anayeamini mizimu huogopa na aliyesoma hucheka. Makala haya yanaisoma filamu hiyo kutoka Kibuye, mtaa wa soko kubwa mjini Kisumu, ili kuonyesha kuwa hoja zote mbili hazitoshi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alisisitiza kuwa kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ambao hadhira huja nao. Katika filamu za nyumba yenye mzuka, upeo huo unaweza kuelezwa kwa maswali mawili. Yupo mtazamaji anayeuliza: kuna nini ndani ya nyumba hii? Na yupo anayeuliza: nani anamdai mwenye nyumba, na anadai nini? Watu hawa wawili, hata wakikalia benchi moja, hawatazami filamu moja.

Ukimya wa filamu na kelele za ukumbi

Ni vyema kuanza na fani. Peli hakutumia muziki wa kuandamana na matukio. Wahusika wakuu ni wawili, Katie na Micah, wapenzi wanaoishi pamoja. Micah ananunua kamera ili kunasa vitu vinavyomsumbua Katie usiku, na sehemu kubwa ya taharuki inatokana na kamera hiyo iliyosimamishwa chumbani, ikielekea kitanda na mlango ulio wazi, huku saa ikihesabu chini ya picha. Usiku mmoja Katie anaamka na kusimama kando ya kitanda kwa saa nyingi, akimtazama mwenzake aliyelala. Hakuna zaidi ya hilo. Tzvetan Todorov alieleza mwaka 1970 kwamba fantasia huishi katika kusitasita kwa msomaji kati ya maelezo ya kawaida na yale yasiyo ya kawaida. Peli amejenga kusitasita huko kwa kuacha nafasi tupu, na mtazamaji ndiye anayetakiwa kuijaza.

Nafasi hiyo huhitaji ukumbi ulio kimya. Vibanda vya video vya miji ya Afrika Mashariki vimejenga ada nyingine. Humo ukimya wa filamu ni mali ya wote, na yeyote aliye na neno hulisema. Ada hiyo imezaa hata taaluma: Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijipatia sifa kwa kuzisimulia upya filamu za kigeni, wakitia maneno na mzaha pale ambapo mtunzi alinyamaza. Filamu ya mapigano hustahimili sauti hiyo ya pili na pengine huneemeka nayo. Filamu ambayo taharuki yake yote imo katika kutosikika kwa chochote hugeuzwa kuwa kazi nyingine.

Hata hivyo, hoja ya ukumbi inaeleza sehemu tu ya jambo. Filamu hii iligawa watazamaji hata katika kumbi za Marekani zilizokuwa kimya. Inapasa basi kutazama maudhui, na hasa maana ya nyumba yenyewe.

Nyumba, boma na mahame

Kibuye ni mahali pafaapo kuliuliza swali hilo. Ni soko ambalo vitu vya nyumbani hupita kutoka mkono hadi mkono, na ambalo nguo za mitumba ni bidhaa ya kila siku. Wasemaji wa Kiswahili waliwahi kuziita nguo hizo kafa ulaya, yaani nguo za mtu aliyefia mbali. Jina hilo lilitajwa kwa mzaha, na halikumzuia mtu kununua shati wala kulivaa. Hapana budi kuzingatia mzaha huo, kwa kuwa una nadharia ndani yake: kitu cha marehemu asiyekuhusu hakikutishi. Hofu haikai katika kitu. Hukaa katika uhusiano.

Nyumba pia huweza kufikiriwa hivyo. Kidholuo hutenganisha ot, yaani nyumba kama jengo, na dala, yaani boma ambalo mtu ni wake. Ot inaweza kupangwa au kununuliwa. Dala huanzishwa kwa utaratibu uitwao goyo dala, ambao huwataka jamaa maalumu wawepo, na ndipo mahali pale panapokuwa pa watu. Kiswahili nacho kinajua tofauti hiyo: anayeulizwa kwao ni wapi hatarajiwi kutaja namba ya chumba alichopanga. Kinyume cha boma ni mahame, mahali ambapo watu wameondoka. Katika kaunti ya Migori kuna ngome za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Sehemu ya kwanza ya jina hilo la Kidholuo huelezwa kuwa na maana ya msitu wa kutisha. Hivyo makao ya watu wa zamani yakabeba jina la pori. Kitishacho hapo ni kukosekana kwa watu waliopaswa kuwapo.

Katika fikra hiyo, anayemsumbua mtu hana budi kuwa na sababu. Chien ni marehemu mwenye kinyongo: aliyedhulumiwa, au aliyenyimwa haki yake katika kifo. Humfuata anayehusika, si jengo. Katika matumizi ya Kikristo ya Kidholuo, neno jachien, lililo na uhusiano na chien, limetumiwa kwa pepo mchafu wa Biblia. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu dini ya Waluo wa Kati, alionya juu ya namna tafsiri za wamishonari zilivyolipa neno jok mzigo usiokuwa wake. Onyo hilo lafaa hapa pia. Pale ambapo neno la marehemu mwenye madai limekuwa neno la pepo asiye na ukoo, msemaji hubaki na maana mbili katika neno moja, na huingia nazo zote mbili katika ukumbi wa filamu.

Micah, Katie na swali la madai

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Peli mwenyewe ameweka maswali yote mawili ndani ya kazi yake, akamkabidhi kila mhusika swali lake. Kwa Micah, tatizo ni la jengo. Nyumba ni yake. Anatega kamera, anamwaga unga sakafuni ili kunasa nyayo, anamtukana asiyeonekana na kumtaka ajitokeze. Kwa Katie, tatizo ni la mtu. Amefuatwa tangu utotoni, na nyumba ya wazazi wake iliungua akiwa mdogo. Mtaalamu wa mambo ya mizuka anayeitwa nyumbani kwao anathibitisha kauli ya Katie: huyu si mzuka wa mtu aliyekufa bali ni pepo, na kuhama hakutasaidia kwa sababu atawafuata. Baadaye picha ya Katie wa utotoni, iliyodhaniwa kuteketea kwa moto, inapatikana darini mwa nyumba ambayo hakukulia.

Mtazamaji anayeifuata kamera ya Micah hutaka ushahidi. Kila usiku hupima kilichoonekana, na akipima hivyo ana haki ya kusema kuwa alipewa kidogo. Mtazamaji anayemfuata Katie hahitaji ushahidi, kwani ameshaambiwa kwamba anayefuatwa hana mlango wa kutokea. Kwake, kusogea kwa mlango ni habari kubwa. Hapa ndipo mgawanyiko ulipo, na hautokani na subira wala na elimu.

Lakini yupo mtazamaji wa tatu, ambaye uhakiki umemsahau. Huyu amekubali kwamba Katie anafuatwa, na sasa anataka kujua anadaiwa nini. Anauliza pia mbona katika mkasa wote hakuna mzazi, shangazi wala mjomba anayevuka kizingiti. Jamaa za wahusika wanatajwa katika maandishi ya mwanzo, wanaposhukuriwa pamoja na polisi wa San Diego, kana kwamba ukoo ni ofisi ya kuhifadhi kanda za marehemu. Mtazamaji huyu akicheka au akiguna, hakosi ujuzi wa kuitazama filamu. Ameona pengo lake la kimaudhui. Pepo asiye na madai hawezi kuridhishwa, kuombwa radhi wala kuzikwa. Kwa baadhi ya watu hilo ndilo la kutisha kuliko yote. Kwa wengine ni hadithi iliyokosa kisa.

Kwamba swali hilo ni halali limethibitishwa na watayarishaji wenyewe. Katika Paranormal Activity 2 ya mwaka 2010, inadokezwa kuwa bibi wa vizazi vya nyuma katika ukoo wa Katie alifanya mapatano na pepo ili apate utajiri, na kwamba deni ni mtoto wa kiume wa kwanza. Kwa ufupi, ukoo uliosahauliwa umerudishwa na madai yametajwa. Hadhira ya Afrika ilikuwa imekwisha kusimuliwa kisa cha jamii hiyo katika Living in Bondage, kanda ya Nigeria ya mwaka 1992 iliyotengenezwa pia kwa fedha kidogo, ambamo mume anamtoa mkewe kafara ili atajirike, na mzuka wa mke unamwandama. Katika kanda hiyo haulizwi mtu kama mzuka upo. Huulizwa kama mume ataungama. Taharuki yake ni ya kimaadili tangu mwanzo, ilhali filamu ya Peli iliufikia mlango huo kwa kuzunguka.

Kesi ya mwaka 1987

Yafaa kuepuka hitimisho rahisi kwamba Mmarekani huogopa jengo na Mluo huogopa ukoo. Historia ya Kenya yenyewe inalikanusha. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, mahali ambapo marehemu alikuwa na nyumba. Ukoo wa Umira Kager ulidai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakamani kulibishaniwa kama nyumba ya mjini inaweza kuwa kwao mtu, na upande wa ukoo ulitaja hofu ya kuandamwa na marehemu asipozikwa inavyopasa. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha mwaka 1992 kuhusu mazishi hayo, wameonyesha jinsi mjadala ulivyovuka mahakama na kuigawa jamii nzima.

Kesi hiyo ilikuwa, kwa namna yake, mgogoro juu ya nyumba na mzuka, na hadhira yake iligawanyika vilevile. Uamuzi ulipatikana, lakini swali halikufungwa. Watoto waliozaliwa na kulelewa katika vyumba vya kupanga vya Manyatta, Nyalenda na Kondele wanaijua ot vizuri kuliko dala, na wengi huiona dala wakati wa mazishi na likizo. Mtazamaji wa aina hiyo hubeba maswali yote mawili kifuani. Anaweza kumcheka Micah kwa utovu wa adabu, kisha usiku akaukagua mlango wa chumba chake kama Micah.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mgawanyiko wa hadhira ya Paranormal Activity umo ndani ya filamu kabla ya kuwamo ukumbini. Peli alisimamisha kamera mbele ya jengo, akasimulia kisa cha mtu, akaunyima ukoo nafasi. Kila mtazamaji amejibu sehemu iliyolingana na swali lake. Uhakiki unaopima mafanikio ya filamu ya kutisha kwa idadi ya waliopiga kelele hauwezi kuona hayo, na ule unaokichukulia kicheko cha kibanda cha video kuwa dalili ya ujinga huona kidogo zaidi. Kazi inayosalia kwa wahakiki wa fasihi na filamu katika vyuo vya kandokando ya Ziwa Viktoria ni kwenda kwenye kumbi hizo na kusikiliza kinachosemwa wakati filamu iko kimya. Huenda mtu wa benchi la nyuma anayeuliza wazazi wa Katie wako wapi anastahili kusikilizwa kama mhakiki mwenza.