Nafsi katika Zaburi ya Mchungaji

Zaburi ya 23, katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, husifiwa kwa utamu wake; sarufi yake haichunguzwi. Mwanzoni uongozi na riziki ya Mungu hubebwa na kiambishi hu-: hunilaza, huniongoza. Tendo ni la mazoea, na kitenzi hakionyeshi nafsi ya mtenda. Tuingiapo bondeni lugha yageuka: mshairi aacha kumsimulia Mungu, sasa amwita "Wewe". Kisha laja neno "waandaa", ambalo wanafunzi wangu hapa Gikondo hulidhania kuwa tendo la "wao", kumbe ni u- na -a-, yaani wewe. Kosa hilo si dogo: mwenye kuandaa meza apotea.

Na meza yenyewe yaandaliwa mbele ya watesi, ambao mshairi hawaondoi. Mtaani humu, tarehe 9 Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia parokia ya Wapallotti waliuawa humo humo. Kwa hiyo sikubaliani na wafafanuzi waisomao zaburi hii kama hati ya bima. Bonde limo ndani ya shairi. Mfasiri aliulinda vema mgeuko ule wa nafsi. Wahubiri wengi huupita mbio.