Nathari Iliyolelewa na Ushairi

Hapa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, yuko mwalimu mzee ambaye jirani zake humwendea kila wapatapo haja ya barua nzito, iwe ya posa, ya rambirambi au ya kudai shamba la kakao, naye hashiki kalamu kabla hajasoma kwa sauti ya chini beti tatu au nne za diwani yake iliyochakaa. Wageni hudhani anaomba dua. Yeye husema ananoa ulimi.

Nilimtazama akiandika taarifa ya mafuriko. Kijana mmoja alikwisha kumwandalia sentensi ndefu yenye "mvua kubwa ya kiwango cha juu" na "uharibifu wa miundombinu", mzee akaifuta, akasita, akagonga ukingo wa meza kwa kidole, kisha akaandika: "Mvua ilinyesha kutwa, mto ukala daraja." Hesabu, msomaji, utakuta mizani nane na nane, kipimo kamili cha shairi, ingawa hakukusudia kutunga, maana sikio lililozoea kipimo halivumilii neno lisilo na kazi. Tena angalia hilo "ukala": kitenzi kimoja kimebeba gharika nzima, wala hakikuhitaji sifa ya kukisaidia.

Mabingwa wa nathari yetu waliijua siri hii. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, alipofika mahali pa kuwausia wanawe aliingia utenzini, kisha akarejea katika nathari, na msomaji haoni mshono. Naye Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa mwaka 1954 Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu ambacho, kwa rai yangu, chamfaa mwandishi wa barua na habari kuliko miongozo mingi ya insha, hata kama hatatunga ubeti maishani mwake. Na ni kwa kupitia mji huo huo wa Ujiji, pamoja na misafara ya pembe na (ole wetu!) ya watumwa, Kiswahili kilivuka kuja Kongo, lugha ikafika, diwani zikabaki ng'ambo ya ziwa.

Watoto wetu husomeshwa Kiswahili madarasa ya mwanzo, kisha Kifaransa hushika hatamu kabla hawajaonjeshwa shairi; vita navyo vimewahamisha watu, na akimbiaye usiku hubeba mtoto na godoro, kitabu hakikumbuki. Hayo yana udhuru. Uzembe wetu sisi tulio na nafasi hauna, sisi tunaoandika matangazo, hotuba, hata mahubiri, kwa maneno marefu yasiyo na ladha, kwa kuwa hatukujitaabisha kusikia lugha ikipimwa.

Butembo, mji wa wafanyabiashara ambao haukosi bidhaa, niliulizia diwani madukani. Nikaonyeshwa Biblia, vitabu vya nyimbo na vya shule. Muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu, aliniuliza kama diwani imo katika mtihani wa Serikali.