Leo Kuna Nini?

Mhudumu aliniletea menyu ya kurasa nane, kila ukurasa umefunikwa kwa plastiki. Ilikuwa jioni ya mwezi wa saba, kusi linavuma, na meza yangu ilikuwa hatua chache tu kutoka majini, upande wa Raskazone. Nikaagiza pweza wa nazi.

"Pweza hakuna, kaka."

Ngisi? Hakuna. Kamba? Wapo, ila wa kwenye friza, wametoka Dar. Changu wa kupaka? Akaenda jikoni, akarudi na pole. Mwishowe nilikula kuku na chipsi, bahari ya Tanga ikiwa mbele yangu.

Hoteli hiyo siitaji jina, maana kosa si lake peke yake. Nimekula hivyo hivyo sehemu nyingine za pwani hii. Kinachonisumbua ni kwamba sehemu za namna hiyo ndizo zinazojaza orodha za "migahawa bora" anazosoma msafiri kabla hajapanda basi. Orodha zinapima mandhari, usafi wa choo, kasi ya huduma na wingi wa vyakula kwenye menyu. Usafi siudharau. Lakini kipimo hicho cha mwisho, wingi wa vyakula, kwa maoni yangu kimegeuzwa juu chini. Kwenye pwani ya samaki, menyu ndefu ni ahadi ambayo bahari haijaiweka.

Mimi nimekulia kwenye biashara ya chakula. Mama yangu aliuza wali na samaki mlangoni kwetu, Ngamiani: mabenchi mawili, meza moja, jiko la mkaa na sufuria tatu. Hapakuwa na karatasi wala ubao. Mteja alifika, akasema, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akauliza, "Leo kuna nini?"

Jibu lilibadilika, na ukilisikiliza kwa mwaka mzima ungeijua bahari bila kulowa. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba kubaki wazi, jibu lilikuwa pweza, kwa kuwa watu wamekwenda mwambani kwa miguu. Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, lilikuwa dagaa, kwani dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukikua, dagaa wakaadimika. Kusi likikaza na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, jibu lilikuwa maharage ya nazi, kisamvu, au bada la muhogo na mchuzi wa ng'onda. Hakuna mteja aliyeona kwamba amenyimwa kitu. Aliyekuja kwa pweza akakuta kisamvu alikula kisamvu, akauliza bamvua ni lini.

Huo ndio mgahawa ninaoutumia kupimia mingine. Lakini msomaji asidhani namsifu mama kwa sababu ni mama. Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo nilichelewa kuielewa.

Kwa miaka mingi, mpaka katikati ya miaka ya 2010, pwani ya Tanga ilivuliwa kwa baruti. Sheria ilikataza, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikiwamo, lakini milipuko iliendelea. Mtu alitupa chupa yenye baruti juu ya kundi la samaki, maji yakaruka, waliokufa wakaelea, na wengine wengi wakazama bila kuokotwa. Matumbawe yaliyokua kwa miaka yalivunjika mara moja. Kikosi kazi cha pamoja cha vyombo vya serikali kiliundwa mwaka 2015, na miaka iliyofuata milipuko ikapungua sana. Lakini utotoni mwangu samaki wa namna hiyo alifika madikoni, na alikuwa wa bei nafuu.

Kwa nje hana alama. Ukimpasua ndipo unamjua: nyama imelegea, damu imevilia kando ya uti wa mgongo, na mara nyingine uti wenyewe umevunjika ndani ya ngozi nzima. Mama alipitisha kidole gumba pale, kila samaki, kila asubuhi. Aliyevunjika alimrudisha kwa mchuuzi. Zilikuwapo wiki alizopika maharage siku nne mfululizo kwa ajili hiyo, na wateja wakahamia kwa jirani. Baadhi yao hawakurudi.

Kisha ikaja wiki ambayo ada ya shule ilidaiwa, naye akawanunua. Aliwakata vipande vidogo, akawakoleza kitunguu saumu, ndimu na pilipili manga, akawakaanga mpaka wakakauka. Benchi lilijaa. Watu walisifu, mmoja akaomba kipande cha kupeleka nyumbani. Sisi watoto tulipewa maharage. Nilipolalamika, mama alisema, "Mafuta yanaficha mengi, mwanangu." Hakusema zaidi.

Nimeyakumbuka maneno hayo kila ninapoandika juu ya chakula. Mhakiki wa mgahawa huamini ulimi wake, ila siku ile ndimi zote pale benchini zilidanganyika, nazo zilikuwa ndimi za watu wa pwani waliozaliwa na samaki. Kuonja peke yake hakutoshi. Kwa hiyo swali la mama nimeliongezea la pili: Leo kuna nini? Na amevuliwaje?

Nikiwa na maswali hayo mawili nimekuwa nikila Tanga na kandokando yake, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mkahawa wa Patwas, katikati ya mji karibu na soko, umetajwa na vitabu vya wasafiri kwa miaka mingi, na kwa haki. Sifa yake kubwa ni juisi. Nauweka hapa kwa sababu juisi hujibu swali la kwanza yenyewe. Muheza iko karibu, na machungwa yake yanajulikana nchi nzima; msimu ukifika, sokoni kumejaa, na glasi inasema hivyo hivyo. Ninachowashauri wasafiri ni kuuliza tunda gani limeingia, kabla ya kutaja lile walilolizoea.

Jioni, nenda Ngamiani ukale urojo. Zanzibar wana wao, na ubishi wa nani bora hauishi. Urojo ni mchuzi wa unga uliotiwa manjano na ukali, juu yake viazi, bajia, kachori, mishkaki, chatne ya nazi na pilipili. Wanawake wengi huuza mlangoni kwao. Tofauti ya bakuli na bakuli iko kwenye ukali. Uliotoka kwenye embe bichi au ndimu huingia taratibu na kukaa. Uliotoka kwenye unga wa dukani hupiga pembeni mwa ulimi, kisha hupotea na kukuachia kiu. Wauzaji wengine wamehamia kwenye unga huo mwaka mzima, kwa kuwa ni rahisi na haubadiliki. Nawaelewa, ila sirudi kwao. Yule ninayerudi kwake aliniambia siku moja, bila kuulizwa, "Leo nimetia ndimu, baba, maembe yamekwisha." Ulikuwa mwepesi kuliko wa wiki iliyotangulia, nami niliumaliza.

Cha tatu kiko Pangani, kama kilomita 50 kusini mwa Tanga. Njia inapita karibu na magofu ya Tongoni, na mwisho wake ni mto, ambako watu husubiri kivuko cha kwenda Bweni. Kusubiri huku kumezaa jiko. Mtu asiye na la kufanya kwa nusu saa hununua kipande cha samaki na muhogo. Mradi wa barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Makurunge una daraja juu ya mto huu, na daraja halimsubirishi mtu. Litawafaa wagonjwa na wenye mizigo, siwezi kulipinga. Lakini atakayeandika orodha ya migahawa ya Pangani baadaye ajue kwamba hapa mapishi yalilelewa na foleni.

Mama mmoja pale alikuwa na vibua kwenye sinia. Nikamwamkia, nikauliza la kwanza, nikauliza na la pili.

"Wa mshipi," alisema. "Wamekuja alfajiri." Kisha akamgeuza mmoja na kumfunua tumbo, kabla sijamwomba. "Huniamini?"

Nikaona haya. Nikanunua wawili.

Hapa kuna hoja dhidi yangu, na ni nzito. Swali la mdomo humfaa anayejua lugha na desturi. Mgeni asiyejua Kiswahili, au hata mtu wa bara asiyewajua samaki wa baharini, hulindwa na menyu yenye bei. Bila karatasi anaweza kutozwa mara mbili. Tena muuzaji anaweza kudanganya: kusema "wa mshipi" ni rahisi kuliko kuvua kwa mshipi. Mama yangu mwenyewe, wiki ile, angeulizwa angejibu nini? Sijawahi kumuuliza.

Nakubali yote hayo. Lakini dawa haiko kwenye kurasa nane za plastiki. Iko kwenye ubao mmoja na chaki, ulio na bei: leo kuna nini, ameshushwa diko gani, Deep Sea au Sahare, amevuliwa kwa dema, mshipi au wavu. Kinachoandikwa kwa chaki hufutika kesho, na muuzaji anayeandika hadharani anajua kwamba wavuvi wenyewe hupita hapo na kusoma. Hakuna hoteli ya ufukweni inayoshindwa kununua ubao.

Na jambo hili halihusu tumbo la mgeni peke yake. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 katika ukanda huu wa Tanga na Pangani, imepewa jina la samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa alikwisha toweka duniani, na ambaye wavuvi wa hapa walikuwa wakimnasa bila kukusudia kwenye majarife ya kina kirefu. Tunamwonea fahari huyo asiyelika. Changu na pweza, ambao wanalika, hukaa kwenye matumbawe yale yaliyopigwa baruti, na matumbawe hayarudi kwa msimu mmoja. Mhudumu wa Raskazone aliponiambia "hakuna", mimi nilisikia uzembe wa jikoni. Huenda sehemu ya jibu lile ilitoka mbali zaidi, kwenye mwamba, na kwenye mabenchi ya chakula ya miaka ile, kwetu kukiwamo.

Watu husema Tanga ni "waja leo, waondoka leo". Msemo una maana nyingi, nyingine za mapenzi, lakini mimi hulishika neno "leo". Mji huu hupika cha leo vizuri kuliko unavyopika cha kila siku. Anayekuja na orodha aliyoiandika nyumbani atakula kuku.

Nilirudi Raskazone mwezi uliofuata, hoteli ile ile, mhudumu yule yule. Alipoinua menyu nikamwomba aiache kwanza.

"Leo kuna nini?"

Alinitazama, kisha uso ukabadilika kama wa mtu aliyeulizwa habari za kwao. "Leo? Leo kuna tasi, kaka. Wameletwa saa tisa. Ila hawamo humu," akaigusa ile plastiki, "kwa hiyo huwa tunakula sisi wafanyakazi."

"Wamevuliwaje?"

"Wa dema. Njoo uwaone."

Nikamfuata jikoni. Walikuwa kwenye beseni, sita au saba, wamepasuliwa wakisubiri chumvi. Mpishi akanisogezea mmoja. Nikapitisha kidole gumba kando ya uti wa mgongo, kutoka kichwani hadi mkiani. Ulikuwa mzima.