Ufasaha wa Nani? Lugha na Tabaka katika Albamu ya Gangwe Mobb

Mwaka 2001 vijana wawili wa Temeke, Inspekta Haroun na Luteni Kalama, walitoa albamu waliyoiita *Simulizi la Ufasaha*. Anwani hiyo ni hoja. Katika taaluma yetu ufasaha umezoeleka kupimwa kwa Kiswahili sanifu na, katika ushairi, kwa vina na mizani ambavyo Kaluta Amri Abedi aliviwekea kanuni mwaka 1954. Gangwe Mobb wanadai ufasaha huohuo kwa lugha ya mitaani. Makala haya yanashikilia kwamba ukali wa albamu umo katika dai hilo zaidi ya kuwa katika vitisho.

Jina la kundi linadokeza magenge ya rap ya Marekani, lakini msimamo unatofautiana. Katika albamu yao ya 1988, N.W.A waliwakabili polisi kama maadui. Wasanii hawa wa Temeke wamejivika vyeo vya dola yenyewe: mmoja inspekta, mwingine luteni. Kijana asiye na wadhifa anajipandisha cheo, na hapo mamlaka yanakejeliwa bila kutukanwa. Mtindo wao waliuita "rap katuni". Na katuni hukuza jambo ili lionekane.

Ukuzaji huo unadhihirika katika "Mtoto wa Geti Kali". Uswahilini mlango hufungukia barazani au uchochoroni, ilhali nyumba ya tajiri ina geti, mlinzi na mbwa. Sifa ya mbwa imehamishiwa getini, hata chuma chenyewe kikawa na meno. Penzi linakuwa kipimo cha umbali kati ya matabaka, wala haihitajiki bunduki.

Je, ufasaha huu unavuka Temeke? Tumchukue msikilizaji wa Ikoma, wilayani Serengeti, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiikoma. Misimu mingi ya Dar es Salaam itamhitaji mfasiri. Huo ni udhaifu halisi wa albamu. Lakini geti analijua: lipo Geti la Ikoma, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, lenye askari na viingilio vyake. Kwake sitiari inapata maana ambayo watunzi huenda hawakuikusudia, na haipotezi makali.

Kwa hiyo, msimu unaweza kukwama njiani, lakini taswira iliyojengwa juu ya uzoefu wa kuzuiwa mlangoni husafiri. Uhakiki unaoishia kuhesabu makosa ya usanifu hautaiona safari hiyo.