Zero Iliyoshindwa na Kalenda

Mwaka 2004 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao War in the Pacific, mchezo wa mkakati juu ya vita vya Japani na Marekani, 1941 hadi 1945. Nauhakiki hapa, kwenye jarida la hadithi, kwa kuwa kasoro yake moja ni ugonjwa wetu sisi waandishi chipukizi.

Watungaji wake walikuwa na kazi si mchezo. Mwanzoni mwa vita ndege ya Kijapani, Zero, iliwatoa wapinzani jasho. Ilikata kona kama mbayuwayu, na ikibeba tangi la ziada ilikwenda kiasi cha kilometa 3,000. Ukimpa mchezaji mmoja ndege hiyo, mwenzake atacheza nini? Dawa yao ikawa hii: Zero inapewa alama za nyongeza miezi ya kwanza, kisha zinapungua kidogo kidogo hadi kwisha mwaka 1942.

Kwa hesabu, mizani imekaa sawa. Kwa hadithi, hapana. Ndege ni ileile, rubani ni yuleyule, ila tarehe imebadilika na ubora umeyeyuka. Nani kamshinda? Kalenda!

Vita vyenyewe vilikuwa na mantiki zaidi. Zero ilikuwa nyepesi kwa gharama: haikuwa na bamba za chuma za kumkinga rubani, wala tangi zinazojiziba zikitobolewa na risasi. Wildcat ya Wamarekani ilikuwa nzito, lakini ilivumilia kipigo. Jamaa mmoja, John Thach, alikaa mezani na njiti za kiberiti akabuni namna ndege mbili zinavyopishana, ili adui anayeifukuza moja ajikute mbele ya bunduki za nyingine. Mbinu hiyo ikatumika Midway, Juni 1942. Mwezi huohuo Zero moja ilianguka kisiwa cha Akutan, Alaska. Wamarekani wakaiokota, wakaitengeneza, wakairusha na kuzijua siri zake. Halafu ikaja Guadalcanal. Marubani wa Kijapani walitoka Rabaul, zaidi ya kilometa 1,000, na walipofika mafuta ya kupigania yalikuwa kiduchu.

Tuwe wa haki: mchezo unahesabu pia uzoefu wa rubani na uimara wa ndege. Ndiyo maana nyongeza ya kalenda inaudhi. Njia nzuri walikuwa nayo mkononi.

Mkoani kwetu Kigoma mfano upo. Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa na meli kubwa ziwani, Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe. Je, muda wake uliisha tu? Hapana. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umeng'olewa kwenda kupigana nchi kavu, ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilikuwa zimedondosha mabomu bandarini Kigoma, na askari wao walikuwa wanakaribia. Kila hatua ina chanzo chake.

Sasa soma hadithi za vita tunazopitishiana. Shujaa anapigwa kurasa kumi, ya kumi na moja "siku yake ikawadia", anashinda. Adui aliyekuwa simba anageuka paka bila kuambiwa kwa nini. Mwalimu wa fasihi atamwita mhusika bapa. Mimi naita nyongeza ya kalenda.

Na wenzangu wa Kibondo na Kasulu, sisi hatuna ruhusa ya uvivu huo. Tumeishi jirani na watu waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1993, na wengine kabla na baada. Kaa nao uwasikilize. Hawakwambii "bahati iligeuka". Wanakwambia nani alisikia habari mapema, nani alijua njia ya porini, nani alibeba mzigo mzito ukamchelewesha. Kila aliyepona ana sababu, na kila aliyebaki njiani ana sababu. Ukiandika kwamba siku tu iliwadia, umewadhulumu wote wawili.

Kwa hiyo kabla hujampa mhusika wako ushindi, jiulize: kajifunza nini, kwa nani, na kalipa nini? Ukikosa jibu, rudi kwenye ukurasa wa kwanza.